Godoro Nyuma ya Pikapu

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao ambalo mguu wake wa nne ni tofali, mbele ya duka la kinyozi, na kinyozi mwenyewe ndiye mimi. Niseme mapema kwamba mimi sipendi ubishi. Nakaa pale kwa sababu benchi ni langu. Wengine ni wale wale wa kila siku. Yupo Breki, aliyeendesha malori miaka thelathini bila kufungua boneti hata siku moja. Yupo Profesa, karani mstaafu wa shule, anayejua methali zote isipokuwa pa kuzitumia. Yupo Shangazi mwenye birika la kahawa, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale. Halafu yupo Mwenye Gari, ambaye zamani tulimwita Seremala mpaka aliponunua pikapu iliyokwishatumiwa na watu wasiohesabika, akaacha kuitika jina la kazi yake. Siku hiyo mama yake, aliyepasuliwa nyonga, alikuwa anaruhusiwa kutoka hospitali saa nane mchana. Mwenye Gari alishaapa mbele ya wodi nzima kwamba mama yake hatapanda gari la kukodi wakati mwanawe ana gari. Akatandika godoro nyuma ya pikapu, akaweka mito miwili, akawasha. Gari likakohoa mara moja, likanyamaza. Basi tukaitwa. Yeye akashika usukani, sisi watatu tukasukuma, kila mtu kwenye nafasi yake ya siku zote, kutoka nyumbani kwake mpaka kijiweni, ili tulizungumze tatizo tukiwa tumekaa. Ilikuwa saa saba na nusu.

Breki: Hiyo ni pampu ya mafuta. Sauti yake naijua.

Mwenye Gari: Pampu nimebadilisha wiki iliyopita.

Breki: Basi ni hiyo mpya. Ile ya zamani ilikuwa imeshalizoea gari.

Mimi: Si ufungue boneti utazame?

Breki: Mimi ni dereva, bwana. Wewe mteja akiwa na mba, unampasua kichwa?

Profesa: Tusibishane. Haraka haraka haina baraka.

Shangazi: Profesa, kuna mgonjwa anasubiri.

Profesa: Ndiyo maana nimesema. Mwenda pole hajikwai.

Shangazi: Na asiyekwenda kabisa?

Profesa: Huyo ndiye salama kuliko wote. Niongezee kahawa.

Saa nane kamili simu ikalia. Alikuwa nesi. Mwenye Gari alisimama kuongea naye, mkono mmoja mgongoni, kama vile anaonwa. Kisha akakaa tena.

Mwenye Gari: Anasema mama ameshavaa viatu. Amekaa mlangoni, mfuko ameupakata.

Shangazi: Maskini. Kodi gari, mwanangu. Nyonga si kitu cha mchezo.

Mwenye Gari: Shangazi, mama hakutaka ninunue gari hili. Alisema afadhali ningenunua mbao. Miezi minane sasa hajalipanda, hata kuliegemea hajaliegemea. Leo ndiyo siku yenyewe. Nikienda na gari la mtu nitamtazama usoni vipi?

Kwa kweli nilimhurumia. Mtu mzima yule, macho yalikuwa yameanza kumwiva. Lakini huruma yangu haikuninyanyua kwenye benchi, na ya wenzangu vilevile.

Profesa: Hebu nikuulize. Aliyekuuzia, siku mlipokabidhiana, alilia?

Mwenye Gari: Alicheka. Alicheka mpaka akakaa chini.

Profesa: Umesikia hiyo? Mtu haagi mali yake kwa kicheko. Moyo wake ameuacha humo ndani, wewe umeuziwa mabati tu. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Hiyo imeingiaje hapo?

Profesa: Mgeni si huyu mnunuzi? Na yule mwenyeji si ameshapona?

Hapo nilimkubalia, maana kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imekaa.

Breki: Mambo ya moyo siyajui. Ninachojua, gari hili limetoka nchi ya mbali. Sisi tunaliwasha mchana, na huko kwao saa hizi ni usiku wa manane. Gari limelala.

Mimi: Breki, lina miaka ishirini na sita hapa.

Breki: Mjomba wangu alikaa ng'ambo miaka arobaini, na ndoto alikuwa akiota za nyumbani.

Shangazi: Ninyi nyote mnazunguka tu. Tatizo ni godoro.

Breki: Godoro limefanya nini?

Shangazi: Mmelitandikia gari godoro na mito miwili. Nani anatandikiwa godoro mchana halafu anaamka kwenda kazini?

Tukatazamana. Ilikuwa nadharia ya kwanza yenye ushahidi wa kuonekana kwa macho. Tukalishusha godoro, na kwa kuwa hatukutaka liguse vumbi, tukalitandika kwenye benchi tukalikalia. Mwenye Gari akaingia, akazungusha ufunguo. Gari likakohoa mara mbili.

Breki: Mnaona? Mwanzo lilikohoa mara moja.

Tukaagiza kahawa nyingine kwa ajili ya maendeleo hayo. Saa tisa simu ikalia tena. Mwenye Gari aliitazama, akamsukumia Profesa, na Profesa akamwambia nesi kwa sauti ya ofisini kwamba ndugu wa mgonjwa yuko njiani. Uongo haukuwepo. Gari lilikuwa limekaa barabarani na yeye alikuwa ndani yake, paji la uso juu ya usukani.

Profesa: Sasa nimelipata jambo. Gari hili limewahi kubeba jeneza?

Mwenye Gari: Mara mbili.

Profesa: Basi linaogopa. Mlipoliegesha mmeligeuza likatazama upande wa hospitali, limeshajua linakopelekwa. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Mimi: Mwana ni nani hapo?

Profesa: Tusipoteze muda. Tuligeuze litazame kule, tuliwashe, halafu twende hospitali kinyumenyume. Halitajua mpaka tufike.

Hili, nasikitika kusema, lilipitishwa na wote. Nami nilinyoosha mkono. Tulikuwa tumeshashika gari, Breki anahesabu moja, mbili, tuliposikia magurudumu nyuma yetu. Ulikuwa mkokoteni, na aliyeusukuma ni mtu tusiyemjua, shati limelowa mgongoni. Juu yake alikaa mama yake Mwenye Gari, mguu ameunyoosha, mfuko ameupakata.

Tukamwamkia wote kwa pamoja. Mwenye Gari alishuka garini.

Mama: Marahaba. Nimefika nyumbani nimekuta kufuli. Nikamwambia baba huyu, tusogee mbele kidogo, mwanangu atakuwa kijiweni.

Mwenye Gari: Mama, nilikuwa nakuja. Gari limegoma kidogo tu.

Mama: Hapa limefikaje?

Breki: Tumelisukuma, mama. Kutoka kwenu mpaka hapa hatukupumzika hata mara moja.

Alilisema hilo kifua mbele. Mwenye mkokoteni akajifuta jasho.

Mwenye mkokoteni: Samahani, mimi mgeni. Kutoka kwa mama kuja hapa, na kutoka kwa mama kwenda hospitali, mbali ni wapi?

Mimi: Ni sawasawa. Hospitali ni upande ule, sisi upande huu.

Mwenye mkokoteni: Na barabara ni hii hii, haina mlima?

Mimi: Haina.

Mama akalitazama gari, akatutazama mmoja mmoja, akalitazama godoro lake pale kwenye benchi, lenye alama za makalio yetu.

Mama: Sasa mwanangu, mbona hamkulisukuma kuja kwangu?

Profesa alichungulia kikombe chake kitupu. Breki aliinama kukagua tairi ambalo halikuwa na neno. Mimi nilikumbuka kwamba nina wembe wa kuosha. Mwenye Gari alilia mbele yetu bila kujificha. Kisha akaenda kwenye benchi, akakung'uta godoro, akamnyanyua mama yake taratibu, akalitandika chini yake na kumwekea mto kwenye nyonga. Akamwomba mwenye mkokoteni ampishe. Akamsukuma mama yake kurudi nyumbani, polepole, akikwepa mashimo, na hakutuita tumsaidie.