Jeraha la Lesian na Ushahidi wa Naisula

Mgeni rasmi, Afisa Kazi wetu, shikamoo. Sisi mafundi na vibarua wa karakana za mbao za Sakina tunakukaribisha. Utuwie radhi kwa vumbi. Mashine tumezizima ili utusikie.

Tulikotoka

Umoja wetu ulianza baada ya mwenzetu Lesian kuangukiwa na gogo tukishusha mzigo. Hakutoka damu. Tajiri mwenye karakana alimtazama, akasema, "Huyu hana hata mchubuko. Kesho arudi kazini." Kesho yake Lesian hakuweza kuinuka kitandani.

Aliyemfuata nyumbani ni Naisula, ambaye kabla ya hapo alikatwa vidole viwili akilisha mbao kwenye msumeno. Yeye damu ilionekana, hivyo tajiri alimkimbiza hospitali, kisha akapeleka mbuzi kwao. Wazee wakapatana, yakaisha. Naisula alimwambia Lesian, "Kaka, wewe usikubali mbuzi. Kapimwe mgongo, halafu twende kwa msaidizi wa sheria."

Tulichofanikiwa

Picha ilionyesha pingili ya mgongo imevunjika. Msaidizi wa sheria alitufahamisha kwamba jeraha si kidonda peke yake. Mgongo, masikio yaliyoharibiwa na kelele, kifua kilichojaa vumbi, vyote hudaiwa fidia vikitokana na kazi. Tena kutibiwa ni haki moja, na kufidiwa ulemavu unaobaki ni nyingine.

Shauri liliposikilizwa, tajiri alikana kwamba ajali ilitokea. Sisi wengine tulinyamaza, tuna watoto. Naisula alisimama akasema, "Nilikuwepo. Gogo lilimwangukia nikiona kwa macho yangu." Lesian akapata fidia. Leo anatembea kwa mkongojo.

Changamoto

Wiki iliyofuata Naisula aliambiwa kazi zimepungua. Alipofuatilia fidia ya vidole vyake, alijibiwa kuwa muda wa kudai umepita. Tangu hapo hakuna karakana iliyomchukua.

Maombi

Tunaomba misumeno yote iwekwe kinga, na kila ajali itolewe taarifa hata pasipo damu. Anayetoa ushahidi asifukuzwe. Na shauri la Naisula litazamwe upya, kama sheria ina mlango wowote.

Tulitaka yeye ndiye asome risala hii. Alikataa: "Someni ninyi. Mimi nitakaa mbele nimpe mkono, atajua mwenyewe."

Mgeni rasmi, ndiye huyo mwenye kitenge cha bluu.

Mungu akulinde katika kazi yako, akupe na moyo wa kuifanya.

Ni sisi,
Umoja wa Mafundi na Vibarua wa Mbao, Sakina
Msomaji: Eunike, kwa niaba ya wote