Askari wa Wadudu

Mwaka huo wa tisini na saba magugu yalikuwa yamefunika ziwa, na boti letu kutoka Sio Port kwenda Port Victoria lilijikokota. Nikapata muda wa kusikiliza yasiyonihusu.

Mbele yangu aliketi mama mmoja aliyeitwa Roselida, amepakata shoka jipya. Mzee wa kando yake, mkulima wa Mundika, akamuuliza shoka ni la nini.

"La michungwa yangu. Imejaa wadudu weupe. Watu wa kilimo walituletea nyigu wadogo wa kuwaua, na mara ya kwanza waliwaua kweli. Sasa wadudu wamekuwa sugu."

"Sisimizi wako kwa miti?"

"Wengi sana."

"Basi mama, usiseme sugu bado. Hao wadudu wanatoa maji matamu, sisimizi wanalamba. Nyigu akikuja, sisimizi wanamfukuza. Wadudu wameandika askari!"

Tulicheka. Roselida hakucheka. "Mzee, hiyo michungwa imesomesha watoto wangu. Unafikiri napenda kuikata?"

"Paka grisi kuzunguka shina, sisimizi wasipande. Yangu ilipona hivyo."

"Na kama kweli wamekuwa sugu?"

"Hapo utakata. Lakini jaribu kwanza."

Boti likagusa mchanga. Abiria wakaanza kuruka majini. Roselida akarudi nyuma, kwa kijana wa injini.

"Boss," akamwambia, "hiyo grisi yako, nigawie kidogo."