Kumuaga Daktari Bado, Aliyemsimamisha Mume Wangu

Mheshimiwa Mkurugenzi wa hospitali, Mheshimiwa Mganga Mkuu, waheshimiwa madaktari, wakuu wa wodi, wauguzi wote mnaotuchoma sindano kila siku na bado tunawasalimia, ndugu wageni waalikwa, wagonjwa na jamaa zao, mama mkwe wangu pale mbele, na wewe mume wangu mpenzi uliyekalia kiti chenye mto: nawasalimu nyote kwa heshima na furaha.

Nimeombwa niseme kwa niaba ya wagonjwa. Nashuku nimechaguliwa kwa sababu ndimi niliyewasumbua zaidi. Mimi ni mshonaji wa nguo, nimesoma hadi kidato cha nne, na nimeolewa juzijuzi tu. Neno "mume wangu" bado linanitekenya mdomoni, kwa hiyo nikilirudiarudia mnivumilie.

Leo tunamuaga daktari wetu wa mgongo anayestaafu, ambaye wodi nzima inamwita Daktari Bado. Kila anayeomba kupasuliwa humwambia "bado". Bado vipimo, bado picha, bado damu. Ndugu zangu, mtu anayesema bado kila siku, wewe usingemshuku?

Mume wangu ni mwashi. Wenzake wanamwita Timazi, kwa sababu kuta zake hazijawahi kuinama hata unene wa ukucha. Nilimpenda siku alipokuja kupimwa shati, akasimama mbele ya kioo changu kama nguzo ya mlango. Shati lile lile, baada ya miezi, likaanza kushuka mbele na kupanda nyuma. Nikamwambia, "Mpenzi, umepinda." Akanijibu, "Umekosea kukata." Mimi! Nikapima upya. Kitambaa hakikuwa na kosa. Mtu ndiye aliyekuwa amepungua kimo.

Maumivu yalipomlaza, tukasema ni mifuko ya saruji anayobeba. Tukapaka dawa za kuchua hadi nyumba ikanuka. Kumbe ni mieloma, saratani inayokaa ndani ya uboho na kuila mifupa polepole. Pingili mbili za uti wa mgongo zilikuwa zimebonyea, kama tofali bichi lililokanyagwa.

Daktari wa kwanza tuliyemwona, kwingine, alitaka kumfungua mgongo kesho yake na kumfunga vyuma na skrubu. Nikashuku haraka ile. Tulipofika hapa, huyu bwana akatazama picha kwa muda mrefu, akasema vyuma vina watu wake: wale ambao mfupa unabana neva, miguu inakufa ganzi, au mgongo hautulii. Lakini kwenye mfupa ulioliwa, skrubu inaweza kukosa pa kushika. Kwa Timazi alipendekeza sindano. Inapita kwenye ngozi, inaingia ndani ya pingili, puto dogo linajazwa humo kuinua palipobonyea, linatolewa, kisha panajazwa saruji maalumu.

Jamani, kumtajia mwashi saruji!

"Moja kwa ngapi?" mume wangu akauliza.

"Moja kwa ngapi nini?"

"Saruji kwa mchanga, daktari."

"Haina mchanga."

"Basi huo ni uji. Mke wangu mtarajiwa, twende zetu."

Daktari hakucheka. Mtu asiyecheka hapo, nani atamwamini? Akaeleza kwamba saruji ile inaganda kwa dakika chache, kwamba mara chache huvuja ikatoka nje ya mfupa na ndiyo maana hufanya huku akitazama kwa eksirei, na kwamba mara nyingi maumivu hupungua upesi. Tukakubali. Tukamuuliza lini. Mnajua alivyojibu.

Damu ya Timazi ilikuwa haigandi vizuri, ikabidi isubiriwe. Hilo nililielewa. Nisichokielewa ni kwamba kila tulipokuja, daktari aliniambia, "Dada, tupishe kidogo." Natoka, nakaa kwenye benchi la nje chini ya dirisha, na masikio yangu nayo hayakuachwa nyumbani. Nikasikia:

"Umemwambia?"

"Bado, daktari."

"Unangoja nini?"

"Nisaidie kwanza nisimame. Harusi ikipita nitamwambia."

Wanawake wenzangu mliopo hapa, nisaidieni. Mchumba ana jambo la kukwambia baada ya harusi. Ungefikiria nini? Mimi kichwani nilishamwona huyo mwanamke mwingine, mrefu, ana watoto watatu! Nikampelekea habari mama mkwe. Akaniambia, "Mwanangu, mwanamume akinong'ona na daktari kuna jambo. Akinyamaza akikuona unakuja, jambo hilo ni wewe."

Safari iliyofuata sikupisha mtu. Nilisimama katikati ya chumba nikasema, "Daktari, huyu ana mke mwingine?"

Daktari akavua miwani. "Siri ya mgonjwa siitoi mimi," akasema, kisha akamgeukia Timazi.

Mume wangu akasema akitazama sakafu, "Saruji itashika mgongo tu. Ugonjwa wenyewe haiutoi. Dawa zitautuliza, pengine miaka, lakini huwa unarudi, na mfupa mwingine unaweza kubonyea. Nilitaka siku ya harusi unione nimenyooka. Mengine uyajue ukiwa tayari umenizoea."

Daktari akaongeza maneno ambayo siyasahau: "Naweza kumsimamisha, dada. Lakini ukimwona amesimama ukadhani amepona, utakuwa umeolewa na mtu niliyemtengeneza mimi. Na mficha maradhi, kifo humuumbua."

Nililia. Nikampiga Timazi kwa mkoba begani. Begani, si mgongoni, nina akili zangu. Nikamuuliza, "Kwani nilikupendea mgongo?" Akasema, "Ulisema nasimama kama nguzo." Nikamwambia, "Nguzo ikiegemea, mtu anasogea karibu aishike. Panga tarehe, daktari."

Akapanga. Mume wangu akalazwa kifudifudi, akatobolewa, akajazwa, akarudi wodini. Baada ya saa chache muuguzi huyu hapa, msione anajificha, akamwambia aketi. Timazi akagoma! "Dada, zege halikanyagwi siku hiyo hiyo. Linamwagiliwa maji, linaachwa." Waashi wenzake wakaja kumtazama, wakamuunga mkono kwa kauli moja. Mmoja akauliza ndoo iko wapi. Kesho yake bado alikuwa amelala kama mbao za kushikilia zege, muuguzi amekata tamaa, hadi daktari alipokuja na donge dogo jeupe la saruji iliyobaki, iliyogandia kwenye kikombe cha kuchanganyia. Akaliweka kiganjani mwa mume wangu.

"Gonga."

Akagonga kwenye chuma cha kitanda. Ti! Akageuza, akagonga tena, akasikiliza kama anavyosikiliza tofali. "Hii imekomaa," akasema. Akainuka. Nilimwona akipanda, polepole, hadi macho yake yakapita yangu, kama zamani. Ndugu zangu, mimi siku hiyo ndipo nilipoolewa. Ile harusi ilikuwa ya kuwalisha ninyi.

Daktari Bado, umetufanyia kazi mbili na tukaona moja. Ulishika mfupa, na hukukubali tujenge juu yake nyumba ya uongo. Tunakushukuru. Hata hivyo sijaacha kushuku, na nawashauri wagonjwa wote msiache. Ulizeni kwa nini sindano na si vyuma, kwa nini vyuma na si sindano, kwa nini leo, kwa nini bado. Daktari mzuri haogopi mtu mwenye shaka.

Nawe daktari mpya, uliyekaa kando yake, nakutazama tangu niingie. Unatabasamu sana. Nitakuchunguza.

Nasema hivyo kwa sababu juzi, tukinywa chai, mume wangu aliweka kikombe chini kabla sijamuuliza chochote. Akasema, "Mke wangu, kuna maumivu mapya. Yako chini ya yale ya zamani." Niliogopa, siwafichi. Lakini kabla ya hofu kulikuwa na kitu kingine, na nilikijua ni nini: ameniambia mimi kwanza. Hajamwambia daktari, hajamwambia mama yake, ambaye naona anasikia sasa hivi. Mama, nisamehe, tulitaka ule kwanza, ndipo tukwambie.

Kwa hiyo daktari mpya, kesho asubuhi tutakuwa mlangoni kwako. Tutaingia wawili.

Daktari Bado, nakutakia mapumziko mema. Nanyi nyote, ahsanteni kwa kunipa masikio yenu.