Chemchemi ya Nyumbani kwa Mzee Abner Ratemo

Baada ya miaka kumi na sita ya kuwajengea watu chemchemi, Mzee Abner Ratemo anastaafu leo, tarehe 30 Novemba 1979. Alikuwa fundi mwashi wa kwanza kuajiriwa na shirika letu hapa Keroka, na jinsi mambo yanavyokwenda, hatastaafu peke yake.

Alianza mwaka 1963 na mwiko wake mwenyewe na baiskeli ya kuazima. Kazi ilikuwa kuzungushia chemchemi mawe na saruji, kisha kutoa bomba, ili akina mama wachote maji ambayo ng'ombe hawajayakanyaga. Kule Magwagwa walikataa kumwachia aondoke kabla hajala, na alipomaliza sahani ya kwanza wakamwambia hiyo ilikuwa ya kuonja tu. Mpaka leo wanamwita Tata, yaani baba, na wanauliza atarudi lini.

Ni Msabato wa kweli. Jumamosi hashiki mwiko hata umpe nini. Wafadhili wetu kutoka ng'ambo walikuwa na mazoea ya kuja siku hiyo hiyo, na safari moja wakamkuta ndani ya suti ya kanisani, wakampiga picha. Mwaka uliofuata tukaletewa kalenda, na Mzee ametokea mwezi wa Agosti kama chifu wa kijiji. Tulimpigia saluti mwaka mzima, naye akawa anazipokea bila kucheka.

Sasa niseme linaloniuma. Chemchemi ya nyumbani kwake, ile ya karibu na barabara, haikujengwa. Haikusahauliwa, iliachwa makusudi. Gari la wageni lilifika pale bila kukwama, basi ofisi ikaamua kwamba pale ndipo shida itakapoonyeshwa. Bonareri, mkewe, aliombwa kila mara aje na mtungi wa udongo, debe aliache nyumbani, ainame kwenye matope mpaka picha itoke vizuri. Picha hizo ndizo zilizolipa mishahara yetu, na wangu ukiwemo. Kila mwaka Mzee aliomba zamu yake ifike, na kila mwaka mkurugenzi wetu, Bwana Nyamweya, alimuuliza kwa upole: tukiijenga hiyo, wageni tutawaonyesha nini?

Machi mwaka huu Bonareri alilazwa kwa homa ya matumbo. Aliporudi nyumbani, amekonda hata kutambulika ni kazi, Mzee hakuomba tena. Alichukua likizo, akanunua saruji kwa pesa alizopata kwa kuuza majani chai ya shambani kwake, akaijenga. Wanaonong'ona kwamba saruji ilitoka stoo wanyamaze. Stoo ninaitunza mimi, na haikupungua hata kikombe.

Agosti wageni wakaja na kamera zao. Walikuta maji maangavu yanatiririka bombani, na Bonareri, amevaa gauni la kanisani, anachota kwa debe. Walifurahi kwa kweli. Walitupongeza, wakatushika mikono sote, kisha wakasema huku kumeshasaidika, msaada wao utahamia kwenye shida zaidi. Mwakani ofisi inafungwa. Vijiji vilivyokuwa vikisubiri zamu vitaendelea kunywa pamoja na ng'ombe.

Wapo kati yetu wanaomlaumu Mzee, ingawa keki yake leo wataila vizuri tu. Mimi simlaumu. Nina hasira na msaada unaomkimbia mtu akishapona, na nina hasira nasi tuliokubali kumwacha mama wa watu augue ili tupate cha kuonyesha. Tuliajiriwa kuleta maji safi. Mmoja wetu ameyaleta, nasi tunamwita mharibifu wa kazi.

Asante, Tata Abner, kwa mikono yako na kwa uvumilivu ambao hatukuustahili. Nenda upumzike salama, wewe na Mama Bonareri, na Mungu awape afya. Sisi tukishakosa kazi tutapita kwenu kuwasalimu. Mtupe maji ya kunywa, na msihangaike kuyachemsha.

Fred Ouma, mtunza stoo