Pampu Isiyoamsha Mtu

Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la dobi, na tundu la kitasa bado lipo. Anayechelewa ndiye anayekalia tundu. Kila alasiri hukutana hapo watu watatu na chupa moja ya kahawa. Dobi, mwenye duka, hubishana kupitia dirisha huku akipiga pasi. Karani, mstaafu wa mahakama, huongea kana kwamba kuna mtu anaandika. Wa tatu ni fundi miwani waliyembandika jina la Samaki, kwa sababu sebuleni kwake kuna tangi la kioo la kufugia samaki wa maji ya chumvi, refu kama kitanda, na mdomoni mwake hakutoki habari nyingine. Mkewe alikwenda kwa dada yake kutafuta usingizi. "Wiki mbili tu," alisema, "hiyo mitambo yako inaniamsha." Sasa ni mwezi wa tano hajarudi. Siku hiyo Samaki alifika na karatasi yenye picha za pampu mbili, akakalia tundu bila hata kulalamika, wenzake wakajua kuna jambo.

Samaki: Leo nachagua. Nikishainunua tu, nampigia simu: nyumba imetulia, rudi. Nisaidieni, ndugu zangu.

Dobi: Shemeji arudi, na sisi tupumzike. Haya, soma.

Samaki: Hii kubwa ina nguvu, lakini nasikia inavuma. Hii ndogo unaipunguza kasi kwa kitufe, haivumi, ila naogopa haitapandisha maji kutoka tangi la chini, lile la kuchujia, mpaka la juu. Maji yasipozunguka hewa inapungua, samaki wananifia.

Karani: Kwanza tuthibitishe kosa. Hiyo ya sasa inaliaje?

Samaki: Mmm-mmm-mmm. Halafu, tkk.

Dobi: Hiyo tkk ni chumvi imegandia ndani. Umeiloweka kwenye siki?

Samaki: Nimeiloweka. Nimeweka sponji chini yake, nimetoa bomba gumu nikatia laini, nimesogeza kabati linalobeba tangi lisiguse ukuta.

Kweli aliyafanya yote hayo, mkewe akiwa keshaondoka, jioni baada ya jioni, amelala sakafuni sikio limebanwa kwenye kabati. Kuna siku alimpigia mkewe amsikilizishe kelele ilivyopungua. Akaishikilia simu karibu na tangi dakika nzima. Alipoirudisha sikioni, mkewe alikuwa keshakata. Hilo hakuwaambia wenzake.

Karani: Basi pampu haina hatia. Mshtakiwa ni ukuta. Toboa ukuta, mitambo yote ihamie jikoni.

Dobi: Shemeji apikie wapi, bafuni? Ipandishe juu ya paa.

Karani: Juani, bwana?

Dobi: Aijengee kibanda. Mbona kuku wanajengewa!

Karani: Mimi naona anunue zote mbili. Aziweke zitazamane. Mvumo wa hii umeze mvumo wa ile.

Dobi: Na zikishindwa kumezana?

Karani: Inaletwa ya tatu, inaamua.

Dobi: Mnahangaika bure tu. Wanaopiga kelele ni samaki wenyewe. Pampu ikivuma, nao wanapaza sauti wasikilizane. We ondoa wale wambea, uone.

Karani: Atawajuaje?

Dobi: Si wale wenye midomo mikubwa!

Samaki alicheka nao. Aliupenda ubishi huu kuliko alivyotaka kukiri. Maadamu watu wanabishania pampu, basi shida ni pampu, na pampu inauzwa dukani, ndani ya boksi, na karatasi ya maelezo. Aliogopa siku ambayo wenzake wangechoka kuzungumzia kelele.

Hapo akavuka barabara fundi cherehani, mama wa makamo aliyepanga chumba cha ng'ambo juzi tu. Alileta gauni la mteja lipigwe pasi. Wakamsogezea nafasi, wakammiminia kahawa, wakamsimulia kesi nzima kuanzia tangi mpaka paa. Akasikiliza huku akichomoa uzi uliolegea kwenye pindo.

Fundi cherehani: Pole, kaka. Hata mimi cherehani yangu ina makelele. Naomba nikuulize kitu.

Samaki: Uliza, dada.

Fundi cherehani: Kwako umeme haukatiki?

Samaki: Mbona kila wiki.

Fundi cherehani: Ukikatika, mitambo yote inanyamaza?

Samaki: Yote. Unasikia mpaka saa ya ukutani.

Fundi cherehani: Sasa hapo, nyumba imetulia hivyo, wewe na mkeo mlikuwa mnaongea nini?

Samaki akaitazama karatasi yake ya pampu. Karani akatazama ndani ya kikombe. Pasi ya Dobi ikabaki hewani, shati likingoja.

Si kwamba Samaki alikuwa amesahau. Umeme ukikatika alikuwa anakimbilia kipampu cha betri cha kutia hewa, anapiga magoti mbele ya kioo na tochi mdomoni, anahesabu samaki. Nyuma yake, kwenye kochi, mkewe alikuwa anasema, "Si uje tukae kidogo." Naye anajibu, tochi bado mdomoni, "Ngoja kwanza." Kisha umeme unarudi. Ilikuwa hivyo miaka tisa.

Karani: Swali hilo... swali hilo liahirishwe.

Dobi: Kahawa yenyewe imekwisha, jamani.

Alisema hivyo bila hata kuitikisa chupa. Fundi cherehani akaomba radhi kama amekosea, akaingia dukani na gauni lake. Karani akamgusa Samaki begani, akaenda zake. Samaki akaikunja karatasi ya pampu mara nne, akaisokomeza kwenye tundu la kitasa, akatoa simu.

Mkewe alipokea upesi. Kule aliko palikuwa kimya kabisa.

— Haloo? Ni pampu tena?

— Hapana.

— Ehe?

Samaki akatafuta neno, lolote, lisilohusu tangi. Alimtafutia kwa moyo wote. Safari hii mkewe hakukata. Alikuwa akipumua taratibu kwenye simu, anangoja, na yeye alikuwa bado anatafuta.