Ysenda Binti Neachtan, Mama wa Malise

Padre, majirani wa Kinnoch, jamaa mliotembea kwenye matope, nawe karani wa mfalme uliyefika bila kuitwa, familia inawashukuru kwa kusimama, maana viti havitoshi.

Marehemu Ysenda alizaliwa siku ya Mtakatifu Martin, mwaka wa theluji ya Pasaka, hapa hapa bonde la mto Earn, kifungua mimba wa Neachtan, mtunza mbwa wa mfalme wa Waskoti, na dada mkubwa wa Brice anayewasomea haya. Alisomea kwa watawa wa Inchmore, akajifunza zaburi, kushona na kunyamaza, na hilo la tatu ndilo lililomfaa kazini.

Kazi aliianza siku ya Mtakatifu Yohane, akiwa mshonaji katika ngome ya mfalme, na kabla ya mavuno mfalme alikuwa ameshamwona. Miaka sita alikaa nyumba ya mawindo, makarani wakimwandika "mgeni", mgeni ambaye kila jioni aliwasha moto na kumwandalia meza mtu ambaye mara nyingi hakuja, na akija, alikuja na mbwa wake na njaa yao. Malise alizaliwa huko, wiki ya Krismasi, baba akiwa anafukuza kulungu.

Mfalme alipooa binti wa ukoo mkubwa, ngome ilimtafutia Ysenda mume, Radulf, mtunza msitu mwenye jicho moja, ikaamua pia Malise, kwa kuwa ni damu ya mfalme, apelekwe kwa Waingereza awe dhamana ya amani, ambako watoto wa namna hiyo hukaa mpaka wasahaulike. Ndoa ilifungwa Jumatatu baada ya Jumapili ya Utatu, mlangoni mwa kanisa hili, na desturi yetu mnaijua, mtoto aliye chini ya kitambaa cha maharusi padre anapobariki, ni mtoto wa maharusi hao. Ysenda alimwingiza Malise chini ya kitambaa. Karani alipoona viatu vidogo, akapaza sauti, "Mtoeni huyo, ni wa mfalme!" Radulf akamjibu, "Mfalme mwenyewe yuko wapi, mzee? Mimi naona miguu tu, nayo ina baridi," na padre akamaliza baraka.

Mungu akawajalia tena binti, Ela, na kila jioni Radulf alirudi nyumbani kula, jambo ambalo marehemu alikawia kulizoea.

Kikohozi kilimwanza Sikukuu ya Mishumaa. Alipoulizwa anaumwa wapi, alisema, "Siumwi, Brice, nimechoka." Alifariki Ijumaa asubuhi, kabla ya Jumapili ya Matawi.

Jana karani aliiomba familia isome hapa kwamba Malise ni mwana wa mfalme, maana Waingereza wanadai tena mtoto wa dhamana, na linalosomwa kaburini na ndugu wa marehemu, mbele ya padre na majirani, ni ushahidi unaoweza kufuta hata kile kitambaa. "Ni neno moja tu, Brice," alisema, "halikupunguzii kitu."

Tunamshukuru mtawa Odo kwa dawa, majirani kwa kuni, na washonaji wa ngomeni waliothubutu kuja.

Marehemu ameacha mume, Radulf, binti, Ela, na mwana wa kwanza, Malise, mwana wa Radulf, ambaye sasa atashika jeneza upande wa kichwa, na karani, ukipenda, upande wa miguu una nafasi.

Pumzika, dada, kwa amani, leo hakuna meza ya kuandaa.