Kifyatulio Alichokifunga Galen

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Seneta Maribeth Kessenich, Padri Stanislaus, majirani mlioacha buti zenu za matope pale mlangoni, wanachama wenzetu:

Karibu yetu

Sisi wanachama mia moja na saba wa Klabu ya Walenga Shabaha wa Mto Pelkey tumefurahi kukuona. Tunajua ulishauriwa usije. Na sisi tulishauriwa tusikualike. Lakini umekuja, umeshikana mikono na kila mtu hadi kule jikoni, na jambo hilo hatutalisahau hata ukitupigia kura ya kutuudhi. Samaki wa Ijumaa wameshakaangwa, viazi vipo, kabichi ipo, na hakuna atakayekula kabla hatujamaliza kusoma. Kwa hiyo tutajitahidi.

Tulikotoka

Klabu hii ilianzishwa mwaka 1951 na wafanyakazi wa kiwanda cha karatasi, katika shamba la viazi walilopewa na mama mjane aliyechoka kulilima peke yake. Shabaha yao ya kwanza ilikuwa mlango wa jiko bovu. Ukumbi huu waliujenga kwa mikono yao, ndiyo maana sakafu imeinamia upande wa choo.

Tunachojivunia

Tangu siku hiyo, hakuna mtu aliyewahi kujeruhiwa kwa risasi katika uwanja wetu. Kila mwaka kabla ya msimu wa kulungu tunawafundisha vijana kushika bunduki, kuibeba, na zaidi ya yote kuiacha. Kwa miaka thelathini na mmoja mwalimu wao amekuwa Ervin Prochaska, aliyekaa pale dirishani kwa sweta la kijani. Usimtazame sana, Mheshimiwa, ana haya.

Miongoni mwa aliowafundisha ni Jolene Wojta. Alikuja akiwa na miaka kumi na miwili, akaondoka akiwa analenga vizuri kuliko baba zetu, kisha akaenda kuwa mwalimu wa chekechea. Mama yake, Bernadine, ndiye aliyewakaanga samaki hawa.

Yaliyotupata

Mheshimiwa, unayajua yaliyotokea mjini Brisko. Septemba iliyopita, kwenye dansi ya mavuno, mtu ambaye hakuwa mwanachama wetu, wala hatukumjua, alifyatua risasi ishirini na sita kabla mpiga kinanda cha akodiani hajamaliza ubeti. Watu wawili walikufa. Mmoja wao alikuwa Jolene. Alikuwa na miaka ishirini na sita.

Bunduki ya muuaji huyo ilikuwa na kifyatulio ambacho sheria yako inataka kukipiga marufuku. Bunduki ya kawaida hutoa risasi moja ukivuta kifyatulio. Hiki hutoa moja ukivuta na nyingine ukiachia. Wanachama kumi na mmoja wa klabu hii walikuwa nacho. Ervin alikuwa mmoja wao.

Chake kilifungwa na mwanawe, Galen, fundi wa mashine, majira ya baridi ya mwisho ya uhai wake. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza, hakuweza tena kuinyanyua bunduki, lakini mikono ilikuwa bado ina akili. Alikuwa amemwona baba yake akikunja uso kila anapovuta, maana viungo vya vidole vya Ervin vimevimba kama mizizi ya tangawizi.

"Baba, sasa utavuta mara moja kwa risasi mbili," Galen alimwambia. "Nusu ya kazi nimekufanyia mimi."

Galen alizikwa mwezi Machi, kabla ya yale ya Brisko. Baada ya hapo, kila Ervin alipokiachia kile kifyatulio na risasi ya pili ikatoka, ilikuwa kwake kana kwamba mwanawe ameitoa.

Sasa, muswada wako ulipotangazwa, tulikutana kuandika risala. Si hii. Ile ya kwanza ilikuwa kali. Mwenyekiti wetu Norb Treptow, ambaye ndiye anayewasomea karatasi hii na amekubali kuyasoma yake yote bila kuruka, alimnyooshea Ervin kidole mbele ya watu.

"Huyu ndiye mfano wetu! Mzee, mgane, vidole vibovu, kazi ya mwisho ya marehemu mwanawe. Nani atathubutu kumnyang'anya?"

"Niite mzee tena uone," Ervin alisema, watu wakacheka, naye akakubali. Lakini usingizi haukumkubali. Siku tatu alikuwa akimwaza Bernadine, ambaye tangu Septemba alikuwa hajakanyaga ukumbini. Asubuhi ya siku ya nne akaenda kwake, akasimama mlangoni na kofia mkononi.

"Ingia, Ervin, unanijazia baridi ndani."

"Sikai sana."

"Kila anayekuja hapa siku hizi hakai sana. Kaa."

Akakaa. Bernadine akammiminia kahawa. Ervin akamweleza yote: seneta anakuja, wamemchagua yeye awe mfano, vidole vyake na habari za Galen zitasomwa. "Sikutaka uyasikie kwa watu," akasema.

Bernadine aliweka birika mezani. Kisha akauliza, "Chako ni kama kile?"

"Ni aina ile ile."

"Nataka kukisikia."

"Bernadine, jamani..."

"Polisi wameniambia sekunde ngapi. Daktari ameniambia risasi ngapi. Hakuna aliyeniambia mwanangu alisikia nini. Wewe ndiye uliyemfundisha, Ervin. Nisikilizishe."

Kesho yake walikutana uwanjani, wawili tu, theluji ikiwa imeanza kulegea. Ervin alimpa vifuniko vya masikio, Bernadine akavirudisha mezani. Ervin akatia risasi kumi. Akavuta, akaachia, akavuta, akaachia, mpaka zikaisha. Maganda yalikuwa yakifuka moshi kwenye theluji. Hakuweza kugeuza uso wake kumtazama.

"Hakukuwa na nafasi," Bernadine alisema.

"Nafasi gani?"

"Ya kuogopa. Usiku wote huwa namwona anatafuta mlango, anahangaika, ananiita. Kumbe hakukuwa na nafasi." Akakaa kwenye benchi. "Hakuniita, Ervin. Hakuwahi."

Ervin akaweka bunduki chini, akalia kama ambavyo hakulia kwa Galen. Bernadine ndiye aliyemshika mkono.

"Vidole vinauma?"

"Asubuhi, ndiyo."

"Galen alilijua hilo. Alikifunga kwa kukupenda. Usije ukakionea haya mbele yangu."

Mchana huo Ervin alikaa kwenye meza ya mwanawe, akachukua bisibisi za mwanawe, akakifungua. Ilimchukua saa mbili, maana pini zake ni ndogo na vidole vyake ndivyo hivyo. Akarudisha kile cha zamani. Kisha akampigia Norb simu.

"Nimekitoa. Tafuta mfano mwingine."

"Nani kakulazimisha? Bernadine kasema nini?"

"Kasema nisikionee haya."

"Sasa umekitoa kwa nini, we mzee?"

"Kwa sababu nilipokisikia naye, sikumsikia Galen," Ervin alisema. "Nilimsikia Jolene."

Norb alikwenda kwake akiwa amekasirika, akarudi akiwa hana hasira wala hoja. Usiku ule aliichana ile risala ya kwanza.

Tulipofika

Hatutaki kukudanganya, Mheshimiwa. Tumepiga kura. Sitini na mmoja kati yetu bado wanaipinga sheria yako, Norb akiwa wa kwanza. Wanaogopa kwamba jinsi ilivyoandikwa itanasa hata kifyatulio laini cha kawaida ambacho mwenye vidole vibovu anakihitaji. Arobaini na watano wanaiunga mkono. Ervin hakupiga kura. Alisema amekwisha kufanya lake, ya wengine si juu yake. Bado tunakula meza moja. Siku hizi Ervin hupiga risasi tano tu, akapumzika, na anayekaa naye akisubiri vidole vitulie mara nyingi ni Bernadine, ambaye amerudi jikoni na anatugombeza kama zamani.

Maombi

Ikiwa sheria itapita, tunaomba atakayekitoa kifyatulio hicho mwenyewe abaki na bunduki yake. Bunduki ya Ervin ina kitako alichokichonga Galen kwa mti wa jozi, na hicho hakikumuua mtu.

Tunaomba muda wa kutosha, na mahali pa kuvikabidhi pasipo na pingu wala kamera. Walio navyo ni watu uliowashika mikono leo.

Tunaomba maneno ya sheria yapitiwe na mafundi wa bunduki, ili vifyatulio laini vya wagonjwa na wazee visiguswe. Ukikubali hilo, Norb anasema hatakuunga mkono, ila atapunguza kelele.

La mwisho si letu, ni la Bernadine, naye ametuomba tulisome kwa maneno yake mwenyewe, kwa sababu yeye hataweza:

"Mheshimiwa, nimeona kwenye magazeti kwamba muswada wako unaitwa Sheria ya Jolene. Najua umefanya kwa wema. Nakuomba uliondoe jina lake. Sheria hubishaniwa. Watu wataitukana, wataipeleka mahakamani, wataandika kwenye mabango kwamba Jolene afutwe, Jolene ashindwe. Baadhi yao watakuwa majirani zangu, na sitaki kuwachukia. Nilimpa jina hilo ili liitwe na watu wanaompenda. Ipe sheria yako namba tu. Mwanangu nirudishie."

Ombi hili nalo tulilipigia kura, Mheshimiwa. Safari hii Ervin alinyoosha mkono, na Norb akanyoosha, wanaokupinga wakanyoosha pamoja na wanaokuunga mkono. Hatukuhesabu. Hakukuwa na mkono uliobaki chini.

Mungu akusafirishe salama katika barabara zetu zenye barafu, akuoneshe lililo la haki utakaposimama kuzungumza, na awatunze wote ambao majina yao tunayataja kwa upole.

Ni sisi,
Klabu ya Walenga Shabaha wa Mto Pelkey